Uhuru Si Holela: Kuisoma Art Ensemble of Chicago kwa Macho ya Fasihi Simulizi

Kwetu neno jazi lilikwisha kuzoeleka kwa maana nyingine kabisa. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz: zote hizo zilikuwa bendi za dansi, na mtu alikwenda ukumbini kucheza, siyo kukaa kitini na kuhakiki. Jazi ninayotaka kuizungumzia hapa ni ndugu wa mbali wa hiyo. Ni ile ya Wamarekani weusi wa miaka ya 1960 na 1970 ambao walifika mahali wakaacha mapigo ya kuhesabika, wakaacha mpangilio wa sauti uliozoeleka, wakaingiza njuga, filimbi, honi na hata ukimya ndani ya muziki wao. Mtu akiisikia kwa mara ya kwanza huuliza, "Jamani, hawa bado wanajaribu vyombo au wameshaanza?"

Swali hilo ndilo limenifanya niandike. Maana tunalisikia pia, kwa maneno mengine, katika semina zetu za ushairi kila linapotajwa shairi lisilo na vina: msanii akishatupa kanuni, mhakiki abaki na nini? Mimi naona swali lenyewe linaulizwa vibaya. Katika makala haya nitachukua onyesho moja tu, la kikundi cha Art Ensemble of Chicago katika ukumbi wa Mandel Hall wa Chuo Kikuu cha Chicago, Jumamosi tarehe 15 Januari, 1972, nijaribu kueleza lilikuwa na umbo gani. Dai langu ni kwamba umbo lilikuwepo, ila tunalitafuta mahali lisipokaa. Halikukaa katika utungo. Lilikaa katika utendaji. Na zana za kuchambulia umbo la namna hiyo tunazo sisi, tena tunafundishwa mwaka wa kwanza: fanani, hadhira, maleba, mahali, tukio.

Walikotoka

Mwaka 1965, upande wa kusini wa jiji la Chicago, wanamuziki weusi wakiwa na mpiga piano Muhal Richard Abrams waliunda chama kinachojulikana kwa kifupi kama AACM, yaani Chama cha Kuendeleza Wanamuziki Wabunifu. Wenye baa walikuwa wakitaka nyimbo zinazojulikana, basi hawa wakaamua kujitafutia kumbi wenyewe. Chama kikaweka sharti ambalo kwa mtazamo wangu ni la kifasihi kabisa: katika maonyesho ya chama, zipigwe tungo za wanachama wenyewe. Hakuna kujificha nyuma ya wimbo wa mtu mwingine. Baadaye wakafungua na shule ya kuwafundisha vijana wa mitaa yao muziki bila malipo.

Humo ndimo walimotoka Roscoe Mitchell na Joseph Jarman, wapiga saksafoni, Malachi Favors wa besi, na Lester Bowie wa tarumbeta. Hawakuwa watu wa kubahatisha. Mitchell na Jarman walisoma muziki katika chuo cha Wilson hapo hapo Chicago, Mitchell alikwisha kupiga katika bendi ya jeshi la Marekani huko Ujerumani, naye Bowie alikuwa amezunguka na bendi za blues na soul akipiga nyimbo za watu kuchezea. Nalisisitiza hili kwa sababu shutuma ya kwanza dhidi ya sanaa huru, huko kwao na hapa kwetu, ni ile ile: "Hawa wameshindwa kanuni." Anayeacha vina kwa kuwa havimtoshi si sawa na anayeviacha kwa kuwa vimemshinda, na mhakiki asiyeweza kuwatofautisha hao wawili afadhali anyamaze kwanza.

Mwaka 1966 Mitchell alirekodi santuri iitwayo Sound. Humo tayari zimo ala ndogo ndogo, kengele na filimbi na vitu vya aina hiyo, katikati ya saksafoni na tarumbeta. Kisha likatokea jambo la kawaida kabisa ambalo watu husahau kulitaja wanapozungumzia "falsafa" ya kikundi hiki: mpiga ngoma wao, Phillip Wilson, aliondoka akajiunga na bendi ya Paul Butterfield. Walipokwenda Paris mwaka 1969 walikuwa wanne bila mpiga ngoma. Ikabidi ngoma igawanywe. Kila mmoja akawa na meza na viunzi vyake vya vikorokoro: upatu, matuazi, njuga, manyanga, kengele za kila ukubwa, honi, filimbi. Don Moye, mpiga ngoma hasa, alijiunga nao huko huko Ulaya, lakini wakati huo mazoea yalikwisha kujengeka na vikorokoro havikuondoka jukwaani. Kwa hiyo kile tunachokiita leo mtindo kilianza kama upungufu. Nadhani sanaa nyingi tunazozisifu zina chanzo cha namna hii, ila wahakiki tunapenda zaidi kusema "msanii alikusudia".

Ukumbi na usiku wenyewe

Walirudi Marekani mwaka 1971, na miezi kadhaa baadaye wakapanda jukwaa la Mandel Hall. Hapa lazima nisimame kidogo juu ya mahali, maana katika fasihi simulizi mahali si pambo.

Chuo Kikuu cha Chicago kipo katika mtaa wa Hyde Park, katikati ya upande ule ule wa kusini wanakoishi watu weusi wengi wa jiji hilo. Katika miaka ya 1950 na 1960 mtaa huo ulifanyiwa mpango wa "kuboresha mji" ambao chuo kiliuunga mkono kwa nguvu zote. Nyumba nyingi zilibomolewa, familia nyingi, na hasa za watu weusi wenye kipato kidogo, zikahama, na baa na vilabu vya jazi vya barabara ya 55 vikafutika. Halafu sasa jazi inarudi mtaani humo, siyo kwenye kilabu bali ndani ya jengo la chuo, kwenye ukumbi uliojengwa mwaka 1903 kwa mfano wa majengo ya kale ya Kiingereza. AACM hawakuwa wageni hapo. Baadhi ya maonyesho yao ya miaka ya 60 yalifanyika katika vyumba vya chuo hicho. Hata hivyo mtu mwenye jicho la mhakiki hawezi kupita hapo bila kuuliza: nani mgeni wa nani? Onyesho hilo hilo katika kilabu cha barabara ya 55 lingekuwa na maana nyingine. Huko watu wangekunywa, wangezungumza, wangedai wimbo wanaoujua. Chuoni watu wamekaa kimya wakitazama mbele, kama tunavyokaa sisi Nkrumah Hall au Taifa Hall. Ukimya wa hadhira ya namna hiyo ni mali ambayo fanani wa kilabu hana, na kikundi hiki kiliitumia.

Onyesho lilirekodiwa, na kampuni ya Delmark ya Chicago ikalitoa mwaka 1974 katika santuri mbili. Santuri ina pande, kwa hiyo muziki ulibidi ukatwe. Katika toleo la baadaye la diski unakwenda moja kwa moja, kama dakika 76, bila kituo. Sasa hebu tuangalie ndani yake kuna nini.

Kwanza, si kweli kwamba kila kitu kinabuniwa papo hapo. Ndani ya mkondo huo mna tungo zenye majina. Ipo moja iitwayo Ohnedaruth, jina la kiroho la John Coltrane, aliyefariki mwaka 1967. Ipo Tnoona ya Mitchell, ambayo walikuja kuirekodi tena studio mwaka 1973 katika santuri ya Fanfare for the Warriors. Tofauti na bendi ya kawaida ni kwamba utungo hautangazwi na hauna mlango. Mmoja anaanza kudokeza sauti zake wakati wenzake wako kwenye jambo lingine. Wanaweza kumfuata, wanaweza pia kumwacha akaimba peke yake mpaka akanyamaza. Wakimfuata, basi tumehama. Aliyewahi kuketi kwa mtambaji hodari anaijua mbinu hii. Mtambaji ana mtiririko wa kisa kichwani na nyimbo za kisa anazijua, lakini lini wimbo uingie, urudiwe mara ngapi, hadhira iachwe iitikie mpaka wapi, hayo yanaamuliwa na usiku wenyewe. Hakuna anayemwambia mtambaji kwamba hana umbo.

Pili, muda. Muziki wa kawaida wa jazi unahesabiwa kwa mapigo, na kila mpigaji anajua zamu yake itaisha lini. Hapa hesabu hiyo imeondolewa kwa sehemu kubwa. Kilichowekwa badala yake ni kusikilizana, na kusikilizana ni kanuni kali kuliko mizani, maana mizani unaweza kuihesabu vidole huku umelala usingizi. Kipimo ninachopendekeza kwa anayetaka kuhakiki ni hiki: chukua sauti moja, tuseme filimbi inayolia katikati ya ngoma, ujiulize kama kinachofuata kingeweza kufuata bila hiyo. Kama kingeweza, filimbi ile ni holela. Kama hakingeweza, hapo kuna umbo, hata kama huwezi kuliandika ubaoni. Kwa kipimo hicho Mandel Hall inafaulu sehemu nyingi, ingawa siyo zote. Kwa sikio langu zipo sehemu za ngoma zinazorefushwa kupita haja, na zipo sehemu ambapo kila mtu anapuliza kwa nguvu zote na sikusikia nani anamsikiliza nani. Mshabiki ataniambia hiyo ndiyo furaha yenyewe. Sawa, lakini furaha ya fanani na furaha ya hadhira hazilingani siku zote.

Tatu, na hapa ndipo ningependa tukae, maleba. Favors, Jarman na Moye walikuwa wakipanda jukwaani wamejipaka rangi usoni na kuvaa mavazi ya kiafrika, au tuseme mavazi yanayosema "Afrika". Mitchell alivaa nguo za kawaida tu, kama mtu aliyetoka nyumbani. Bowie yeye alikuja kuwa maarufu kwa koti jeupe la maabara, lile la daktari au mtafiti. Watu walicheka, na nafikiri alitaka wacheke, lakini koti lile si mzaha mtupu. Katika Marekani ya wakati ule mpiga tarumbeta mweusi alitarajiwa kuwa mtu wa "kipaji", aliyezaliwa nacho, anayepiga kwa hisia. Utafiti ulikuwa wa watu wengine, tena wengi wao katika vyuo kama kile cha Hyde Park. Fikiria koti hilo jeupe mbele ya maprofesa. Linasema: huku nako ni maabara, na mimi ndiye ninayeshika chupa.

Ukiwaweka pamoja unapata jambo ambalo vazi moja lisingeweza kulisema. Kikundi kilijitambulisha kwa kaulimbiu ya Muziki Mkuu wa Watu Weusi, wa kale hadi ujao. Rangi za uso ndizo kale, koti jeupe ndilo lijalo, na Mitchell katika suruali yake ya kawaida ndiye leo. Pengine nalazimisha ishara, lakini hata ukipinga tafsiri yangu, hutapinga kwamba mavazi yale yanagombana, na kwamba mgogoro huo ni sehemu ya utungo kama saksafoni ilivyo sehemu yake. Hapo ndipo santuri inapotudhulumu. Tunaletewa sauti, tunanyang'anywa macho. Ni kama kusoma majigambo katika kitabu: maneno yapo, mkuki haupo.

Nne kwa kifupi. Kwa miaka mingi walikuwa na desturi ya kuanza onyesho kwa kusimama kimya wakielekea mashariki, na kumaliza kwa utungo mmoja wa Mitchell uitwao Odwalla. Yaani kuna "Paukwa" na kuna "hadithi yangu imeishia hapo". Nani tena atasema hakuna fomula?

Na sisi je?

Wapo watakaoniuliza Afrika hiyo ya rangi za uso ni Afrika ipi. Swali ni halali. Hata Kiswahili chetu kilichukuliwa katika harakati hizo kikafanywa bendera. Mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika, na humo inasikika sauti ya Mtanganyika Tuntemeke Sanga akizungumza Kiswahili, kabla nchi yenyewe haijapata uhuru. Mwaka 1971 Herbie Hancock alitoa santuri iitwayo Mwandishi, na wanabendi wake wote wakajipa majina ya Kiswahili: Mchezaji, Jabali, Mganga, na mmoja akaitwa Pepo Mtoto, jina ambalo bibi yangu angelikataa mlangoni. Tunaweza kucheka. Lakini tusiseme haraka kwamba ni Afrika ya kubuni tu, maana wengine waliifuata kwa miguu. Bowie alikwenda Lagos mwaka 1977 akarekodi na Fela Kuti. Kinachonigusa ni kwamba watu hawa waliitazama Afrika ili wapate ruhusa ya kuvunja kanuni. Sisi tuliomo ndani yake mara nyingi tumeitaja ili kuzilinda.

Ndiyo maana nasema jambo hili linatuhusu. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alituandikia Sheria za Kutunga Mashairi, na neno sheria hakulitumia kwa utani. Mwaka 1974 Kezilahabi akatoa Kichomi, na mgogoro ukawaka: upande mmoja ukisema shairi bila vina na mizani si shairi la Kiswahili bali ni uigaji wa Wazungu, upande wa pili ukijibu kwamba tungo za makabila mengi ya Kibantu hazikujua vina hata siku moja. Tumesoma mgogoro huo, tumeujibia mitihani, na wengi wetu tumekariri majina ya kambi. Lakini angalia kambi zote mbili zinabishania nini: kilichoandikwa. Vina vipo au havipo kwenye karatasi. Swali la shairi linaghanwaje, mbele ya nani, mahali gani, huwa linakuja mwishoni kama kiambatisho. Hebu tujaribu kuligeuza. Shairi huru likisomwa kwa sauti ukumbini, je, ukimya baada ya mstari mfupi unafanya kazi? Msomaji angeweza kuubadilisha bila kuharibu kinachofuata? Kipimo cha filimbi kinaingia hapo bila tatizo, na nina hakika baadhi ya mashairi yetu huru yataanguka, kama ambavyo mashairi mengi yenye vina kamili ya magazetini yangeanguka.

Waandishi wetu wa tamthiliya waliliona hili mapema kuliko washairi. Ebrahim Hussein katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, 1976, alirudi kwa mtambaji ili apate umbo jipya kabisa la jukwaa, na hakuna aliyesema ameiga Ulaya. Nagona ya Kezilahabi, 1990, nayo wanafunzi wanailalamikia kila mwaka kwamba haieleweki. Mimi niliielewa zaidi nilipoacha kuitafutia ploti nikaisikiliza kama mkondo, jambo moja likidokezwa wakati lingine halijaisha. Sisemi Kezilahabi alisikiliza jazi. Nasema msomaji aliyezoea kusikiliza hivyo atapotea kidogo zaidi kuliko asiyezoea.

Jarman mwenyewe alikuwa mshairi. Katika santuri yake ya kwanza, Song For ya mwaka 1966, anaghani shairi lake katikati ya muziki, na mwaka 1977 alichapisha kitabu cha mashairi na maandishi, Black Case, ambacho kilichapishwa upya mwaka 2019. Ni kitabu ninachokipendekeza kwa wenzangu wanaotafuta mada ya tasnifu ya ushairi na utendaji, maana maneno yaliyomo yaliandikwa na mtu aliyejua yatapumua wapi.

Bowie alifariki mwaka 1999, Favors 2004, na Jarman Januari 2019. Mwaka huo huo wa 2019 Mitchell na Moye walitoa santuri ya kuadhimisha miaka 50 ya kikundi, We Are on the Edge, wakiwa na wanamuziki wengi zaidi, wengi wao vijana. Katikati yao yupo mshairi, Moor Mother, mwanamke anayeghani mashairi yake juu ya ngoma na besi. Hakuna vina vya kuhesabu. Lakini sikiliza anavyosubiri kabla ya kurudia neno, na sikiliza ngoma inavyofanya wakati anasubiri.